Kwaya Juu ya Sauti ya Ayeeyo

Shangazi mpendwa,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata katika dua nalizunguka, nasema tu "Ya Rabbi nisamehe lile unalolijua" halafu nanyamaza kama mtu anayekwepa shimo. Naomba msaada wako na naomba jina langu ulifiche, gazetini uandike tu Msichana wa Garissa. Niko kidato cha pili, nina aibu sana, darasani mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua Kiingereza kinanikimbia na Kiswahili kinakifuata nyuma, lakini kwenye karatasi angalau najikaza, na nimechagua Kiswahili kwa sababu nyumbani tunasema Kisomali na hooyo, yaani mama yangu, hasomi lugha yoyote, akiikuta karatasi hii atadhani ni kazi ya shule.

Shangazi, nimeifuta sauti ya bibi yangu. Nimerekodi kwaya ya Krismasi juu yake. Sasa bibi amefariki na mama anaingojea sauti ile.

Wacha nianze mwanzo. Kwetu mtoto wa kike mara nyingine hupelekwa kwa bibi yake akakae naye, amchungie mbuzi na kumtekea maji, na mtoto aliyeahidiwa bibi ni mimi. Ayeeyo Weris, ndivyo tunavyomwita bibi, ayeeyo, alikuwa akiishi na mbuzi wake upande wa Buna, mbali kupita Wajir, na nilipomaliza darasa la nane alipanda lori akaja mpaka Garissa kunichukua. Hooyo alimpikia chai ya maziwa yenye iliki, akamwekea mbele, na ayeeyo hakuigusa.

"Abshiro, uliahidi," akamwambia mama. "Mtoto amesoma vya kutosha. Mbuzi wanataka miguu na yangu imekwisha."

"Hooyo, mimi nilichunga mbuzi wako mpaka nikaolewa, na mpaka leo nikipewa karatasi hospitalini naishika juu chini. Huyu atasoma."

"Basi kaa na karatasi zako. Siku utakayolia, karatasi zikunyamazishe."

Akafunga mzigo wake akaondoka, na chai ikabaki pale mpaka ikafanya utando. Shangazi, mzazi akiondoka kwako bila kugusa chai uliyompikia, hilo peke yake ni zito, na hooyo tangu siku hiyo likimpata jambo, mimi nikiugua, biashara ya maziwa ikilala, husema polepole neno moja, inkaar, yaani laana ya mzazi, kisha anafunika mdomo kama aliyejiumiza.

Sasa, sisi huku watu wazima wengi hawaandikiani barua, wanatumiana sauti. Mtu anakaa na redio, anabonyeza, anasema yaliyo moyoni, kaseti inapewa dereva wa lori. Kabla mvua hizi za El Niño hazijaanza, dereva mmoja anaitwa Aden alitushushia kaseti ya ayeeyo, akasema, "Abshiro, mama yako anakusalimu. Amesema usikilize wewe mwenyewe." Hooyo akaipokea kwa ncha za vidole akanipa mimi. "Salamu nimezipokea," akasema. "Hii niwekee. Sina masikio ya kulaaniwa mara ya pili." Nikaiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga tunamotia sindano na vifungo, na kila siku nilimwona anautazama ule mkebe na hafungui.

Halafu mvua ikaja, na wewe umeisikia habari yake huko Nairobi, Tana ikatoka kingo zake, barabara zikakatika mbele na nyuma, mbuzi wakafa na homa ikaingia kwa watu. Jirani yetu Sista Mwikali ni muuguzi, akawa analala hospitali zaidi kuliko kwake. Binti yake Ndanu tunakaa naye dawati moja, na ni yeye peke yake ninayeongea naye bila kutetemeka. Siku ya Krismasi mchana akaja kwenye ua wetu, matope mpaka magotini.

"Wewe bubu wangu," ndivyo anavyonitania, "redio yetu imekunywa maji mpaka imetapika. Mama yuko wodini tangu jana na saa hii wanatoa tamasha la kwaya yake ya zamani, walilirekodi kanisani Nairobi, kwaya kubwa na okestra. Nirekodie basi, akitoka asikie. Hata robo!"

"Sina kaseti tupu."

"Ninyi? Mnaotumiana kaseti kama sisi tunavyotumiana kadi za Krismasi? Tafuta!"

Hooyo alikuwa amekwenda kuwapa pole waliofiwa. Nikatafuta. Kaseti zote nyumbani ni za Kurani, na hizo mkono wangu usingethubutu, walahi. Ikabaki ile ya mkebe. Nikaitia kwenye redio nisikie kidogo tu, nikasikia, "Bismillahi. Abshiro, mimi ni mama yako," kisha akauliza kama mvua imetufikia, halafu abti Deeq, ndugu yake mama, akakohoa na kusema, "Sogea karibu na redio, hooyo, isikike," na wanawake wakacheka huko nyuma. Nikaizima. Nusu niliizima kwa heshima, kwa sababu haikuwa yangu, na nusu kwa sababu mtangazaji angeanza wakati wowote, na sijui nusu ipi ilikuwa kubwa. Nikairudisha mwanzo, nikabonyeza kitufe chekundu.

Kikakataa kushuka.

Kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti kilikuwa kimevunjwa. Kila mtoto wa huku anajua maana yake, kikivunjwa kaseti hairekodiki tena, na mtu hukivunja kwa sababu anataka maneno yake yakae. Mtu alikaa Buna akakivunja kwa ukucha au kwa kisu. Redio yenyewe ilinikataza, Shangazi. Nikachana pembe ya daftari, nikaitafuna kidogo, nikaziba tundu, kitufe kikashuka. Nilijiambia mama hataki hata kuisikia. Nilijiambia huenda nikawa namwokoa na laana. Mtu akitaka jambo hupata maneno mengi.

Na lile tamasha, sijui kama wewe umezoea, mimi sikuwahi kusikia kitu kama kile. Fidla zilianza mbali, kama mvua inayotembea juu ya mchanga kabla haijakufikia, zikaja tarumbeta, halafu kabla ya kwaya kuimba ukisikiliza sana unawasikia wote, watu zaidi ya mia, wakivuta pumzi kwa pamoja. Ile pumzi ndiyo niliyoipenda. Niliwaza kwamba humo ndani mtu mwenye aibu kama mimi angeimba kwa nguvu zake zote na hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Yale maneno yao ya dini sikuyafuata, lakini sitakudanganya, nilipenda, na makofi yalipolia nilizima redio nikiwa nimejikumbatia.

Jioni Sista akaja na viatu vyake vya mpira, akasimama upande wake wa ua, nikaweka redio juu ya pipa. Midomo yake ikawa inacheza. "Hapo," akanionyesha kwa kidole hewani, "safu ya nyuma, sauti ya tatu, hapo ndipo nilikuwa nasimama." Kisha akalia. "Ubarikiwe, mwanangu. Leo kutwa nimesikia watu wakikosa pumzi. Nilihitaji kusikia watu wanaopumua pamoja." Nikaona nimefanya jema. Kaseti nikairudisha mkebeni, na hooyo akitoka naitoa nasikiliza, sikio limegusa spika, nikifika kwenye makofi narudisha nyuma.

Ramadhani ilipokuwa inakaribia kwisha hooyo akaitwa kwenye taar, hilo ni duka la redio ya kuongea na watu wa mbali, lakini mnaongea na foleni nzima inasikia. Abti Deeq akasema mama yao amerudi kwa Mola wake, tumemzika, mwombee. Mama angemuuliza nini mbele ya watu wale wote? Angemuuliza, alikuwa bado amenikasirikia? Akasema "Inna lillahi" akarudi nyumbani. Kwenda Buna hakuwezekani, barabara ni maji. Akafungua mkebe, akaitoa kaseti, akaiweka shavuni.

"Hooyo," akaniita, maana kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lake mwenyewe la umama, "hata kama ni laana, ni sauti yake. Deeq akija tutaisikiliza naye. Nikianguka awepo wa kunishika." Akanunua betri mpya, akazifunga pamoja na kaseti ndani ya shuka yake nzuri, na kila asubuhi anawauliza madereva barabara imekauka wapi.

Siku moja alipokwenda sokoni nikaifungua shuka. Nilitaka kujua kama kuna chochote kilichobaki. Nikaiacha ipite makofi, jambo ambalo sikuwahi kufanya, ikafanya ta! na ayeeyo akatokea katikati ya neno, sauti imechoka. "...mwenye sikio jeupe, Deeq, asiuzwe hata njaa ikija. Huyo ni wa yule msichana. Akizaa, watoto wake pia ni wa msichana. Akifunga shule aje anywe maziwa. Basi, nimechoka, zima." Abti akakohoa, ikaisha. Shangazi, hakuna msamaha, hakuna laana, ni mbuzi tu. Yote yaliyokuwa kabla ya mbuzi nimeyafunika kwa kwaya.

Na kuna linalonichoma zaidi. Nikaigeuza. Upande wa pili ni mtupu, ayeeyo hakuutumia kabisa, na kijipande cha upande huo hakijavunjwa. Ningeigeuza tu siku ile. Kugeuza kaseti, Shangazi, mkono mmoja, sikugeuza.

Karatasi nimeitoa kwenye tundu, kana kwamba hilo linasaidia. Nikisema, hooyo atajua kwamba nimefuta maneno ya mwisho ya mama yake, na kwamba nimeyafuta kwa nyimbo za kanisa, na wanawake wa mtaani watasema ona, huyo ndiye aliyegombana na mama yake kwa ajili ya masomo ya binti, na masomo yamempeleka wapi? Watasema ayeeyo alikuwa na haki. Nikinyamaza, abti atakuja, watakaa, mama atashika mkono wa ndugu yake, watabonyeza, na zitatoka fidla. Nimefikiria kuitupa mtoni, Tana bado imejaa, niseme ilianguka. Juzi nilifika mpaka ukingoni nayo ndani ya buibui, nikaona maji yanavyokwenda, nikarudi. Leo asubuhi dereva amemwambia malori yameanza kupita Wajir. Hooyo ameosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Namwogopa abti kama sijawahi kumwogopa mtu na wala hajanifanya lolote. Nijibu upesi kwa sababu hizo ni ndara za hooyo nje, anaita jina langu, anakuja huku, naiweka chini ya mkeka

*

MSHAURI ANAJIBU

Msichana wa Garissa, barua yako imenifikia bila mwisho na bila salamu, ina vumbi la mkeka, na nimeisoma hivyo hivyo. Nakupa pole ya bibi yako. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umeniandikia mengi juu ya fidla na juu ya kanisa, na naona moyoni mwako umeliweka hilo mbele kama ndilo kosa. Silo. Jirani aliyekuwa akihangaika na wagonjwa wa mtaa wenu alitaka kusikia sauti za watu wake siku ya sikukuu yake, ukamsaidia. Kusikiliza hakujakutoa kwenye dini yako. Kosa lako ni kile kikaratasi ulichokitafuna. Mtu mwingine alivunja kijipande akasema, maneno yangu yakae, wewe ulijua, ukaziba. Mama yako kutotaka kusikiliza leo hakukukupa wewe haki ya kuamua kwamba hatataka kesho. Umeshalijua hilo, ndiyo maana huna usingizi, kwa hiyo sitalirudia.

Mtoni usiende tena. Umenisikia? Ukiitupa kaseti hiyo utakuwa umemfuta bibi yako mara ya pili, na mara hiyo hutakuwa na haraka ya kusingizia.

Sasa nikuulize. Nani alimwambia bibi asogee karibu na redio? Nani anakohoa mwishoni? Wale wanawake waliokuwa wakicheka nyuma, walikuwa viziwi? Bibi yako hakuongea na chuma peke yake jangwani, mwanangu, aliongea mbele ya watu, na watu wa kwenu ndio hao hao ambao neno la mzee hukaa vichwani mwao kuliko darasa lako zima linavyokaa na somo la jana. Umesoma, nami nakusifu, lakini kusoma kumekufanya udhani neno likifutika kwenye utepe limefutika duniani. Mjomba wako unayemwogopa ndiye aliyekuwa ameketi pale tangu Bismillahi mpaka "zima". Unamkimbia mtu anayekuletea ulichopoteza. Hatakuletea sauti yenyewe. Sauti hairudi, na hilo utalibeba, siwezi kukupunguzia. Ila maneno anayo.

Halafu unaniambia ni mbuzi tu. Mbuzi tu! Mimi nimelelewa na bibi aliyefuga mbuzi na nakuambia, mwenye kinyongo na mtoto hamtengei mbuzi jike pamoja na uzao wake, tena asiuzwe hata wakati wa njaa. Na soma tena ulichoniandikia kwa mkono wako mwenyewe. "Akifunga shule." Mama mzee aliyeiacha chai ikapoa kwa sababu ya shule, kabla hajafa alikuwa akikupangia maziwa kwa kufuata likizo zako. Sisemi nimesikia msamaha, sikuwepo, na wewe usiende kumwambia mama yako kwamba msamaha upo kwa sababu mwanamke wa gazetini amesema. Mpelekee maneno kama yalivyo. Aliyezaliwa na Weris atajua Weris alimaanisha nini.

Fanya hivi, na ufanye kabla lori halijafika, usimwache mama yako aaibike mbele ya ndugu yake kwa jambo ambalo wewe ulilijua. Chagua mchana, kazi zikiwa zimetulia. Usimtume Ndanu wala usimwite Sista aje kukutetea. Usianze na redio. Anza na mdomo wako: nimefuta, nilijua haifai, nimefuta kwa tamasha la Krismasi, na niliupenda ule muziki. Ukificha hilo la mwisho utabaki na jambo jingine chini ya mkeka. Atakasirika. Ana haki. Huenda akanyamaza siku nyingi, na wewe usijitetee, pika, teka maji, ngoja. Atakapokuwa tayari, mwambie kwanza kwamba atasikia watu wakipiga makofi, asishtuke, na kwamba baada ya makofi yupo mama yake. Kisha mwekee asikie habari ya mbuzi mwenye sikio jeupe. Mshike wewe, usingoje mjomba aje kumshika.

Ya wanawake wa mtaani waache wanawake wa mtaani. Mama yako aligombana na mzazi wake ili wewe usome. Jibu la kuwapa ni binti anayesema kweli akiwa anatetemeka.

Na zile ndara ulizozisikia. Mama yako aliingia, wewe ukaketi juu ya mkeka ukamtazama usoni, sivyo? Akiingia tena, iache karatasi hii ya gazeti mapajani. Hajui kusoma, atakuuliza imesema nini. Basi msomee, kwa Kisomali. Umeniandikia mimi nisiyekujua, kwa lugha asiyoisoma yeye, na yeye yuko mlangoni anakuita.

Mwisho, kaseti yenyewe. Umesema upande wa pili ni mtupu na kijipande chake kizima. Mjomba akifika, mpikie chai wewe, na akishainywa, mwekee redio mbele, mwambie asogee karibu isikike, aseme yote aliyoyasikia siku ile, mama yako akiwa amekaa ubavuni. Safari hii kitufe chekundu kitashuka bila kikaratasi. Akimaliza, itoe, na kile kijipande kivunje kwa mkono wako.